Je, Cooper Kupp bado ana thamani ileile katika fantasi?

Muulizaji: Ndugu zangu, katika fantasi yetu ya futiboli ya Marekani (mchezo wa kuchagua wachezaji halisi na kupata pointi kwa takwimu zao) ninaye Cooper Kupp, mpokeaji, yaani mdakaji wa pasi, ambaye mwaka 2021 alidaka mipira 145 na kupata yadi 1,947, lakini tangu alipoumia kifundo cha mguu Novemba 2022 ninasitasita. Nimbakize kwa msimu wa 2024?

Jibu la kwanza: Tazama wastani wa kila mchezo kabla ya jumla ya msimu. Mwaka 2022 alicheza michezo 9 tu, akadaka mipira 75, kiwango cha juu sana. Kinachonitia shaka ni 2023, kwani msuli wa nyuma ya paja ulimkosesha michezo 4 ya mwanzo, na katika 12 aliyocheza alipata yadi 737.

Jibu la pili: Mwenzangu amesahau Puka Nacua, mpokeaji aliyekuwa timu moja na Kupp, ambaye Kupp alipokuwa nje alizoeleka kwa Matthew Stafford, mrusha pasi wao, akamaliza 2023 na yadi 1,486. Hilo lanitisha kuliko kifundo.

Muulizaji: Nashukuru. Kwa kuwa ligi yetu hutoa pointi kwa kila mpira unaodakwa, nitambakiza, ila kama mpokeaji wangu wa tatu.