Mrejesho: seva kuu kubwa kuliko ripilika yake

Wakuu, ile MySQL (hifadhidata) ya mizani ya dagaa hapa Kirumba, Mwanza, niliyouliza kwa nini seva kuu inakula diski karibu mara mbili ya ripilika (seva ya pili inayotunza nakala yake), data haijapotea, nimelinganisha rekodi na cheksamu (namba za kuhakiki data) za kila jedwali, ziko sawa. Kumbe InnoDB (sehemu ya MySQL inayohifadhi majedwali) ukifuta rekodi hairudishi nafasi kwenye diski, inaiacha wazi ndani ya faili isubiri data mpya, na sisi tunafuta za zamani kila mwezi, sasa ripilika ilijengwa juzi kutoka kwenye dampo (data yote iliyotolewa kwenye faili) ndo maana imebana vizuri. Ripilikesheni yenyewe inapeleka mabadiliko tu, haikopi mafaili. Nimepiga OPTIMIZE TABLE (amri ya kupanga jedwali upya) usiku, matumizi ya diski yameshuka, ila muwe na nafasi ya ziada maana inajenga jedwali upya pembeni kwanza. Mkuu uliyesema nihesabu rekodi kabla sijagusa kitu, asante sana aisee.