Jaribio likifeli mnazima jaribio? Hili toleo jipya la programu ya hesabu limenichosha

Wakuu, salaam. Modereta, naomba uzi huu usiuhamishie jukwaa la elimu ukafie huko. Mahali pake ni hapa hapa kwenye teknolojia.

Nina hasira, mtanivumilia. Jina la programu silitaji kwa makusudi, maana wanaoiendesha ni watu wa kujitolea kama mimi na sitaki mtu aende kuwaporomoshea matusi kule kwao. Jueni tu ni programu huria ya hesabu (msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma), jamii ya akina SageMath, Maxima na PARI/GP. Unaipa mlinganyo inatatua, unaipa fanksheni inakutafutia intigrali, na hulipi hata senti. Mimi nafundishia wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Leseni za zile za kulipia chuo chetu hakiziwezi, na hata kingeziweza, mwanafunzi akimaliza anaondoka mikono mitupu.

Wiki kadhaa zilizopita wakatoa toleo la majaribio, lile la mwisho kabla ya toleo lenyewe, wakaomba watu walipekue. Kama kawaida yangu nikajitosa. Kulikompaili, yaani kuugeuza msimbo uwe programu inayoendeshwa, kwenye laptopu yangu ya RAM GB 8 ni saa tatu na ushee, feni inanguruma kama mashine ya kusaga. Lilipomaliza nikaendesha majaribio yote yanayokuja nalo, yaani maswali yenye majibu yanayojulikana ambayo programu inajipima nayo yenyewe. Kijani mwanzo mwisho, halikufeli hata moja.

Mwingine hapo angelala. Ila mimi nina daftari langu la maswali ya darasani kama arobaini hivi, yote nimeyafanya kwa mkono na majibu nayajua, na kila toleo lazima lipite humo kabla sijamgawia mwanafunzi. Swali la 17 ni intigrali ya 1/(2 + cos x) kuanzia 0 hadi 2π.

Likajibu: 0.

Kwa walioiacha hesabu kidato cha nne wakashukuru Mungu, ngoja niwaeleze. Kosini haizidi 1 wala haishuki chini ya −1. Kwa hiyo 2 + cos x iko kati ya 1 na 3, na moja ukiigawa kwa hiyo unapata kitu kilicho kati ya theluthi na moja. Haigusi sifuri, haiwi hasi popote. Intigrali ya kitu kama hicho ni eneo lililo chini ya mchoro. Ni sawa na mpima ardhi aje kwenye kiwanja chako chenye urefu wa mita sita na kitu, upana wake hata pale pembamba kabisa ni theluthi ya mita, azungushe futi yake kisha akuandikie: ukubwa wa kiwanja, sifuri. Na agonge muhuri. Jibu sahihi ni 2π gawa kwa kipeuo cha pili cha 3, yaani kama 3.6276.

Nikarudi toleo la zamani, likanipa jibu sahihi. Maana yake kuna mtu alivunja kitu hapo katikati.

Kati ya matoleo hayo mawili kuna mabadiliko mia tisa na kitu, na hakuna binadamu wa kuyasoma yote. Dawa yake ni `git bisect`, amri ya Git, ile programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo. Inafanya kama mtu anayetafuta neno kwenye kamusi: unafungua katikati, unaangalia kosa lipo au halipo, nusu moja unaitupa, unafungua tena katikati ya iliyobaki. Mizunguko kumi unamshika mhusika. Kuitamka kumi ni rahisi, lakini kila mzunguko ni kukompaili upya sehemu zilizobadilika, dakika arobaini hadi saa nzima. Nilianza Jumamosi baada ya chai. Mzunguko wa saba umeme ukakatika, na siyo Luku iliyoisha, ni mtaa mzima. Chaji ilikuwa asilimia 31. Nikasema nibahatishe, ikanizimikia njiani, mzunguko huo nikaurudia Jumapili. Mke wangu akauliza hii kazi wananilipa shilingi ngapi. Nikajifanya sijasikia.

Jumapili jioni nikampata. Badiliko moja, mistari haifiki hamsini, kichwa chake kinasema linaongeza kasi ya intigrali. Na kweli limeongeza kasi, limefuta ukaguzi! Ili kupata hiyo intigrali, programu inatafuta kwanza fanksheni ambayo ukiidiferenshieti inakurudisha ulikotoka. Hapa inapata moja yenye tan(x/2) ndani yake. Kisha inaweka 2π, inaweka 0, inatoa. Tanjenti ya π ni sifuri, tanjenti ya 0 ni sifuri, sifuri toa sifuri, kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba katikati, x inapofika π, ile tanjenti inapaa na fanksheni yenyewe inakatika. Inaruka kutoka juu hadi chini kwa ghafla, na ukipima kimo cha huo mruko unakuta ni 2π gawa kwa kipeuo cha pili cha 3. Yaani jibu lote limetumbukia kwenye ule ufa! Ukaguzi uliofutwa kazi yake ilikuwa moja tu, kuangalia kama kuna ufa njiani.

Hata hivyo hapo sikukasirika. Kukosea kupo, hii ni hesabu, nami nimekosea ubaoni mbele ya watoto mia mbili. Kilichonipandisha presha ni kitu kingine ndani ya badiliko hilohilo. Jaribio la swali hili hili LILIKUWEPO. Kuna mtu, Mungu ambariki, aliliandika miaka ya nyuma. Badiliko lilipolifelisha, mwandishi hakujiuliza kwa nini. Akalibandika alama ya kurukwa na kuandika pembeni kwamba halitabiriki, linategemea mashine.

Halitegemei mashine! Sifuri na 3.6276 ni tofauti ya mashine gani hiyo?

Nisije nikaonekana sielewi. Najua yapo majaribio yanayotegemea mashine kweli. Kompyuta zinahifadhi desimali kwa mfumo wa jozi (sifuri na moja tu), ndiyo maana lugha ya programu ya Python ukiiambia 0.1 + 0.2 inakujibu 0.30000000000000004. Ukijumlisha namba milioni kwa mpangilio tofauti, tarakimu za mwisho zinabadilika. Chipu za ARM na za Intel zinaweza kupishana kwenye tarakimu ya kumi na sita kwa sababu ya namna ya kuzidisha na kujumlisha. Kwa hali hiyo unaliwekea jaribio ukomo wa kupishana: jibu likiwa mbali na 3.6276 kwa zaidi ya kiasi fulani kidogo, lifeli. Hilo nalikubali mia kwa mia, na SageMath wana alama yake maalumu ya kazi hiyo. Jaribio lenye ukomo bado linalinda. Lililorukwa halilindi kitu, limebaki kujaza faili, kama mlinzi anayelipwa mshahara akiwa amelala getini.

Nikapekua zaidi. Orodha ya yanayorukwa imerefuka kuliko toleo lililopita, na maelezo karibu yote ni yaleyale, "linategemea mashine". Ndiyo maana kwangu yote yalikuwa kijani. Darasa limefaulu wote kwa sababu waliofeli hawakuingizwa kwenye chumba cha mtihani.

Sasa kuhusu kuripoti. Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa mbovu, nakiri. Nilipiga skrini picha kwa simu usiku wa manane, mwanga wa taa umekaa juu ya jibu, nikaandika kichwa "intigrali imeharibika". Wakaniuliza maswali matano, na walikuwa na haki. Ya pili nikaitengeneza: toleo gani, mfumo gani, amri niliyoandika, nilichotegemea, nilichopata, badiliko lililosababisha, na kile kipande cha jaribio lililozimwa. Mtu mwingine yeyote angehitaji dakika mbili tu kuhakiki.

Siku nne kimya. Kisha likaja jibu la mistari miwili: hali hii ni nadra, itaangaliwa toleo lijalo. Ripoti ikafungwa. Siku mbili baadaye toleo likatangazwa, na kwenye tangazo wameandika kwa fahari kwamba majaribio yote yamepita.

Nadra! Hili neno lina historia. Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hesabu huko Lynchburg, Virginia, alikuwa anajumlisha vinyume (moja gawa kwa namba) vya namba tasa pacha, zile zinazopishana kwa 2 kama 11 na 13, majibu yakawa hayaingii akilini. Akabana mpaka akagundua chipu ya Pentium ya kampuni ya Intel inakosea kugawa. Ukigawa 4195835 kwa 3145727 ilikupa 1.3337 na kitu badala ya 1.3338. Intel wakasema mtumiaji wa kawaida atakutana na kosa hilo mara moja katika miaka 27,000. Waliishia kubadilishia watu chipu na kutenga dola milioni 475. Nadra kwa nani? Kwangu mimi ni swali la 17.

Najua kuna mtu anasubiri kuniambia kanunue ya kulipia. Mwaka 2014 wanahisabati watatu wa Hispania walichapisha kwenye jarida la Jumuiya ya Wanahisabati ya Marekani jinsi Mathematica, mojawapo ya hizo za kulipia, ilivyowapa ditaminanti za uongo kwa matriki (majedwali ya namba) zenye namba nzima kubwa. Matriki ileile, ukirudia hesabu, ilikupa jibu jingine. Na wao hawakuwa na `git bisect`, kwa sababu ndani huruhusiwi kuchungulia. Mimi angalau nimemuona mwizi kwa macho yangu. Ndiyo maana naumia zaidi: mlango uko wazi, taa inawaka, na bado tunaambiwa hakuna kitu humu.

Na nyie wakuu wa humu pia siwaachi. Toleo la majaribio lilikaa wiki nzima linasubiri watu. Humu tuko wangapi tunaoitumia? Likitoka rasmi ndiyo tunafurika, "mbona inanigomea", "mbona kikokotoo kimebadilika" (siyo kile cha mafao, tulieni). Kujaribu hakuhitaji kujua kuandika msimbo. Chukua maswali kumi ambayo majibu yake unayajua kwa hakika, pitisha, andika ulichoona. Yangepitishwa na watu kumi wiki ile, ripoti yangu isingeitwa nadra.

Kule kwao nimeomba mambo mawili na nitaendelea kuyaomba. Jaribio lisizimwe bila mtu wa pili kuridhia kwa maandishi na kutaja ripoti inayolihusu. Na tangazo la toleo liseme mangapi yamerukwa, siyo mangapi yamepita tu. Hayahitaji fedha wala seva mpya.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Wanaoniuliza PM kama wanafunzi wangu wameathirika, ndiyo. Wawili walishapakua toleo jipya kabla sijawazuia, na mmoja kaleta zoezi lenye sifuri. Nilipomuuliza, akaniambia "Mwalimu, programu ndiyo imesema." Nimempa alama za njia.

NYONGEZA 2: Ripoti imefunguliwa tena baada ya mtu wa Ujerumani kurudia hatua zangu na kupata sifuri ileile. Wameibandika "kipaumbele cha chini". Nimetuma marekebisho yanayorudisha ule ukaguzi na kuondoa alama ya kurukwa, kwangu yanapita. Mwenye Mac ya chipu za ARM namwomba apitishe swali la 17 kwenye toleo jipya, aniandikie hapa limetoa ngapi na limechukua sekunde ngapi, maana hoja yao ya sasa ni kwamba ukaguzi utapunguza kasi. Bando limebaki MB 200, nitajibu kesho nikifika chuoni.