Skuta ya cc 50: gia za giaboksi, rola au mkanda, kipi kianze?

Mkazi wa Ujiji (mwanzisha mada)
Ndugu wanajamvi, salaam. Kila asubuhi ninatoka Ujiji kwenda kazini Kigoma mjini kwa skuta ya cc 50, na hata kwenye tambarare mshale haupiti 55 nikiwa nimefungua mafuta yote. Nimeshauriwa ama nibadili jozi ya gia ndani ya giaboksi ya nyuma, ama niweke rola nzito kwenye variata, yaani puli ya mbele ambayo rola zake huusukuma mkanda. Naomba mnilinganishie kabla sijaagiza, maana gia hizo zinatoka Dar es Salaam na muuzaji hapokei zilizokwisha kufungwa.

Dereva wa Mwandiga
Mkuu, mimi nilitoa sproketi ya mbele yenye meno 14 nikaweka ya meno 15, ya nyuma ikabaki na 42. Uwiano (meno ya nyuma kugawanya kwa ya mbele) ulishuka kutoka 3.0 hadi 2.8, kwa hiyo palipokuwa na 60 pakawa na 64 kwa mlio uleule wa injini. Kazi ni ndogo na gharama yake ni ndogo, isipokuwa kilima cha kutoka bandarini kwenda Mwanga sasa ninakipanda kwa gia ya chini zaidi nikiwa na abiria.

Fundi wa Gungu
Hilo ni kweli kwa pikipiki ya cheni, lakini skuta haina sproketi: ina mkanda unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, kisha gia za giaboksi ambazo uwiano wake haubadiliki. Rola nzito huusukuma mkanda kupanda mapema na kuifanya injini izunguke polepole, ila haziongezi hata kidogo mwisho wa safari ya mkanda, na zikizidi uzito injini hukosa pumzi. Gia ndefu, yaani zenye uwiano mdogo zaidi, ndizo zinazobadili mwisho wa mwendo wenyewe, kwa sharti kwamba injini ina nguvu ya ziada. Nguvu ya kuupasua upepo hukua kwa mchemraba wa mwendo, hivyo kutoka 60 kwenda 70 upepo peke yake unadai nguvu zaidi kwa karibu asilimia 59, na gia haizalishi nguvu hata chembe.

Dada wa Kibirizi
Ninayathibitisha maneno ya fundi kwa yaliyonipata. Niliweka gia ndefu kwenye skuta ya cc 50, na siku tulivu nikiwa peke yangu nilifika 62, lakini upepo wa ziwani ukinikabili nilikwenda taratibu kuliko nilivyokuwa kabla, na nikimbeba mwanangu kupandisha kilima ilikuwa mateso. Miezi miwili baadaye nilirudisha gia za zamani, nikalipia gasketi, oili na ufundi mara ya pili.

Mkazi wa Ujiji
Shikamoo, fundi. Nitajuaje kama injini yangu inayo nguvu hiyo ya ziada?

Fundi wa Gungu
Marahaba. Shuka mteremko mrefu huku umefungua mafuta yote. Mshale ukipanda vizuri, injini bado ina nafasi ya kuzunguka na kinachopungua ni nguvu, kwa hiyo gia ndefu zitakuangusha. Ukigota palepale huku injini inalia, hapo mwendo umezuiwa na uwiano au na kifaa cha kuzuia. Kisha fungua kava la mkanda, chora mstari wa kalamu ya wino kwenye uso wa puli ya mbele kutoka katikati hadi ukingoni, funga, kimbiza skuta kwenye tambarare, ufungue tena. Wino utakuwa umefutika mpaka pale mkanda ulipofika. Mkanda uliolika huwa mwembamba na hukaa chini ya ukingo. Tazama pia kama ndani ya variata kuna pete ya kuzuia, kwa sababu Ulaya skuta hizi hufungwa zisizidi kilomita 45 kwa saa na nyingine hufika huku hivyo hivyo. Kabla ya kuongeza mwendo wowote, breki za ngoma zikaguliwe kwanza.

Mkazi wa Ujiji
Nimefanya jana jioni. Kwenye mteremko mshale ulifika 63, na kwenye puli wino umebaki upana wa kama milimita 5 kutoka ukingoni. Pete sikuiona, ila rola tatu kati ya sita zimelika upande mmoja mpaka zimekuwa bapa. Gia siziagizi, nimenunua mkanda na rola za uzito uleule wa kiwandani, na Jumamosi nitachora mstari mwingine.