Milioni mbili za masurufu: Dubai, warsha ya R Arusha, bango la hapa nchini au dakika tatu kitivoni?

MchangaNaMfinyanzi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili wa uzamili, sayansi ya udongo, Morogoro. Natafiti chokaa kwenye udongo wenye tindikali huko nyanda za juu kusini. Shamba la majaribio nimeshavuna, sampuli zimeshatoka maabara, sasa nina faili la Excel la mistari 412 ambalo kila asubuhi nalifungua, nalitazama, nalifunga.

Mradi unaonisomesha umebakiza shilingi milioni mbili kwenye fungu la kujiendeleza kitaaluma. Mhasibu kasema zisipotumika kabla ya mwisho wa Juni, zinarudi zilikotoka. Machaguo yangu ni haya:

1. Kongamano la kimataifa Dubai. Nilituma ikisiri (muhtasari wa utafiti) Jumatatu, Jumatano wakajibu imekubaliwa bila marekebisho. Ada dola 450, tiketi na hoteli najitegemea. Wanatoa cheti, na makala inachapwa kwenye jarida lao.
2. Warsha ya siku tano Arusha, uchambuzi wa data kwa R (ile programu ya takwimu) pamoja na uandishi wa makala. Laki nane na nusu, malazi mbali.
3. Mkutano wa kisayansi hapa hapa nchini, nafasi ya bango tu: unachapisha utafiti wako kwenye bango, unasimama pembeni yake kuueleza. Ada ya mwanafunzi laki moja.
4. Lile shindano la kueleza tasnifu kwa dakika tatu, kitivoni. Bure, ila najijua: nikishika maiki magoti yanagongana.

Moyo uko Dubai, sitawaficha. Sijawahi kupanda ndege. Kwa mtu anayetaka kuomba nafasi ya uzamivu mwakani, kipi kina uzito?

Mzee_wa_Pipeti

Binti, kabla hatujalinganisha chochote, hiyo namba moja iondoe mezani kwanza.

Ikisiri ya mkutano wa kweli husomwa na watu wawili watatu wenye kazi zao nyingine. Majibu huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi. Siku mbili, tena bila hata koma kuguswa, maana yake hakuna aliyesoma. Ingia kwenye tovuti yao sasa hivi. Tazama mada: je, udongo umepikwa chungu kimoja na sheria, uuguzi na ujenzi wa madaraja? Tazama kamati: hao maprofesa wapo kwenye tovuti za vyuo vyao? Chagua mmoja umwandikie, umuulize kama anajua kuwa yumo. Kisha tafuta ratiba ya mwaka jana. Si picha za ukumbi, ratiba yenyewe, yenye majina ya watu na saa walizozungumza.

Nasema kwa uchungu kwa sababu mimi niliingizwa mkenge huo 2016, nchi nyingine, ada nikalipa kwa mshahara wangu. Nafika hotelini nakuta chumba cha watu ishirini, tumo kumi na mmoja. Kabla yangu alizungumza daktari wa meno, baada yangu mtu wa benki. Mwenyekiti wa kikao alikuwa yule yule dada aliyetugawia vitambulisho mlangoni. Makala yangu ilitoka baada ya siku tisa. Kwenye wasifu siiweki, lakini ukinitafuta Google ndiyo inayotangulia mpaka leo.

MchangaNaMfinyanzi

Nimefungua. Kilimo, usimamizi wa utalii na akili mnemba, ukumbi mmoja, siku moja. Halafu chini kabisa nimekuta waandaaji hao hao wana makongamano mengine kumi na manne, hoteli hiyo hiyo, tarehe hizo hizo. Nimeishiwa nguvu. Nilikuwa nimeshamwambia mama.

Kasuku_wa_Takwimu

Pole dada. Mama atasamehe.

Mimi nije kwenye warsha, maana najua watu wengi watakusukuma huko. Mafunzo ya R si mabaya. Tatizo ni bei, na tatizo kubwa zaidi ni nani yuko ukumbini. Nimewahi kuwa msaidizi kwenye warsha ya aina hiyo. Siku ya kwanza nzima iliishia kwenye kusakinisha programu kwenye kompyuta thelathini kwa intaneti ya kuazima. Siku ya pili nikagundua nusu ya washiriki wamefuata posho. Mjadala mkali kuliko yote kwa wiki ile ulihusu chai ya saa nne iliyokuja saa nne na nusu.

Waandikie uwaulize maswali mawili tu. Naruhusiwa kuja na data zangu? Na wawezeshaji ni wangapi kwa washiriki wangapi? Wakikujibu kwamba siku tano zote mtachezea yale maua 150 ya iris ambayo kila mwalimu wa R anayo, baki nyumbani. Ukitoka pale utajua maua, na faili lako la mistari 412 litakuwa vile vile.

Masomo ya Carpentries yapo mtandaoni bure. Hawa walianza 1998 kama Software Carpentry, kufundisha wanasayansi kuandika programu, na 2018 wakaungana na wenzao wa Data Carpentry. Kuna somo la R kwa data za ikolojia ambalo ukilifuata kwa utulivu wikendi mbili linakwisha, na data za viwanja vya majaribio kama zako zinaingia vizuri. Kwa upande wa uandishi, AuthorAID wana kozi za mtandaoni, nazo bure. Ugumu wa vitu vya bure ni kwamba hakuna anayekufuata ukiacha. Kama uko tayari, Jumamosi saa mbili usiku huwa nipo, tunafungua kompyuta wote.

Nyota_wa_Kisumu

Hujambo dada. Niko Nairobi, uzamifu mwaka wa tatu, ikolojia ya ziwa. Naona namba nne mmeipita kama kituo kisicho na abiria.

Hili shindano lilianza Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008. Wakati ule kulikuwa na ukame, watu wakawa wanaweka vile vipima muda vya dakika tatu bafuni ili wasimalize maji, na wazo likatoka hapo. Masharti ni makali: slaidi moja isiyosogea, hakuna vifaa vya kushika mkononi, hakuna mashairi wala kuimba, na ukipitisha dakika tatu umeondolewa. Angalia kwanza kama kitivo chenu kinapokea watu wa uzamili, maana vyuo vingine huachia wa uzamifu pekee.

Nilivyojiandaa mimi ilikuwa hivi. Rasimu ya kwanza niliisomea shangazi yangu, anauza samaki soko la Jubilee. Alinisikiliza huku anaparua sato, magamba yanaruka mpaka kwenye karatasi yangu. Nilipomaliza akaniuliza: "Kwa hivyo samaki watapungua ama hawatapungua?" Nilikuwa nimeongea dakika nne na nusu na sikuwa nimelijibu swali hilo. Nikafuta ukurasa wa kwanza wote, nikaanza na swali lake. Sikushinda, nilikuwa wa tano. Lakini miezi minane baadaye kwenye usaili wa ufadhili waliponiambia "tueleze utafiti wako kwa kifupi", niliongea maneno yale yale, na wenzangu niliowakuta pale nje walisema wao walikatizwa.

Fungo_wa_Maktaba

Kwa heshima zote, dakika tatu ni maigizo. Wanaopitisha maombi ya uzamivu wanatazama una makala gani na nani anakuandikia barua. Mtu mwenye faili analolifungua na kulifunga hana sababu ya kupanda jukwaani. Akae chini achambue.

Nyota_wa_Kisumu

Na barua hiyo ataandikiwa na nani, kama anayejua kazi yake ni msimamizi wake peke yake?

Bwana_Ikisiri

Mimi ni mtu wa Kiswahili, sijui udongo hata wa kufinyangia chungu, lakini nataka kutetea safari za nje kidogo. Dada asitoke hapa akidhani kila kongamano la ng'ambo ni mbuzi kwenye gunia.

Nilibahatika kwenda Kongamano la Kiswahili la Bayreuth, Ujerumani, ambalo limekuwepo tangu miaka ya 1980. Ni dogo kiasi kwamba siku ya pili tayari mnajuana majina. Niliwasilisha mada yangu kwa Kiswahili, na mzee mmoja ambaye kazi zake nilizinukuu tasnifu nzima akaniuliza swali, kwa Kiswahili, lililonilaza macho usiku ule. Kikao chenyewe kilikuwa dakika ishirini. Kilichonisaidia ni saa moja na nusu ya chakula cha jioni tuliyokaa meza moja na mzee yule. Sura yangu ya tatu imejengwa juu ya mazungumzo hayo.

Ila nililipiwa. Kwa mfuko wako, hesabu visa peke yake: ada ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Hapo bado bima, taarifa za benki na barua ya mwaliko.

Na kwenye fani yako mbona mikutano mikubwa ina utaratibu unaojulikana? Kongamano la Dunia la Sayansi ya Udongo huja kila baada ya miaka minne: 2022 lilikuwa Glasgow, 2026 ni zamu ya Nanjing, China. Karibu zaidi mna RUFORUM, mtandao wa vyuo vya kilimo Afrika ulioanza 2004 na makao yake yapo Makerere. Chuo chenu ni mwanachama. Muulize msimamizi wako kama mradi una uhusiano nao. Ndege utapanda tu.

Mama_Tasnifu

Naona bango limedharauliwa, na mimi ni mtu wa mabango.

Ukizungumza ukumbini, unasikilizwa na watu arobaini ambao ishirini na tano wanasoma simu. Ukisimama pembeni ya bango, wanakuja sita. Lakini hao sita wamekuja kwa miguu yao, na kila mmoja utamweleza kwa namna tofauti mpaka wewe mwenyewe uanze kuelewa unachosema. Mara moja niliposimama mimi, wa nne kati ya sita ndiye aliyeniambia jedwali langu limekosewa vipimo. Bora aliniambia yeye kuliko mtahini wa nje.

Sasa ufundi. Ukubwa wa kawaida ni A0, milimita 841 kwa 1189. Maandishi ya kawaida yasishuke chini ya ukubwa wa 24. Kichwa kiseme ulichokipata, si ulichokifanya: "Chokaa imepandisha mavuno kwenye viwanja vyenye tindikali kali" (kama ndivyo ilivyokuwa), badala ya "Tathmini ya athari za matumizi ya chokaa…" na kuendelea mpaka mtu asinzie. Grafu moja kubwa iwe katikati. Marejeleo matatu yanatosha.

Na chapisha kwenye kitambaa. La kwanza nililichapisha kwenye karatasi, nikalitia kwenye bomba la plastiki, nikalipandisha basi. Njiani kondakta akashindilia gunia la dagaa juu yake. Nilifika na bango lenye mkunjo katikati ya grafu na harufu ambayo watu walivumilia kwa adabu. Kitambaa unakikunja kama khanga, unatia kwenye mkoba, ukifika unapiga pasi.

Jambo lingine ambalo hakuna atakayekuambia: fedha za masurufu ni deni mpaka uzirejeshee hesabu. Kila ukilala mahali dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nyumba nyingi za wageni zitakupa kipande cha daftari chenye muhuri, na mhasibu atakirudisha.

Mzee_wa_Pipeti

Nimelala na mada hii, naongeza chaguo la tano ambalo halipo kwenye orodha yako.

Fedha ni za kujiendeleza, hazikuandikwa kongamano. Kwa nini usiende kukaa wiki mbili mahali penye watu wa fani yako? TARI Mlingano, pale Muheza, Tanga, ndicho kituo cha taifa cha utafiti wa udongo. Kuna watu pale wamefanya kazi ya rutuba ya udongo kabla hujazaliwa. Unaandika barua kupitia kwa msimamizi wako, unaeleza una data gani na umekwama wapi, unaomba kukaa na mtu mmoja. Nauli, chumba na chakula kwa wiki mbili havimalizi milioni. Na huyo mtu ndiye atakayeandika barua ya pili ya kukupendekeza. Fungo hapo juu ana hoja kuhusu barua, amekosea tu zinakopatikana.

Fungo_wa_Maktaba

Nimekubali nusu.

MchangaNaMfinyanzi

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa.

Arusha walinijibu: wawezeshaji wawili, washiriki arobaini, data watatoa wao. Nimeacha. Msimamizi aliposikia Mlingano alinyamaza kidogo, kisha akasema "mbona hukusema mapema", na barua imeshatoka. Mhasibu naye amekubali fungu libebe safari hiyo pamoja na ada ya bango, mradi nimletee barua ya mwaliko. Mkutano upo Dar, kwa hiyo nitapanda treni ya SGR na kitambaa changu mkobani. Kasuku, asante kwa Jumamosi. Ile mistari 412 kumbe 11 ilikuwa imeingizwa mara mbili.

Dakika tatu nimejiandikisha pia, magoti na yagongane. Wanapokea uzamili. Jana nilimsomea mama kwa simu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Chokaa si ya kupaka ukuta? Sasa mahindi yanataka kupakwa rangi?" Nyota, nimefuta ukurasa wa kwanza.

Hao wa Dubai wameniandikia tena leo asubuhi. Ada imeshuka hadi dola 290, na sasa wananiita Profesa.