Anahubiri tusinyanyapaliwe, nikikaribia anaficha simu!!

Wakuu, naandika huku natetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule yule wa kila 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, suti imenyooka hadi inakata upepo, "tuwapende wenzetu, tuwapende wenzetu".

Leo niliitwa kutoa ushuhuda. Miaka mitatu nakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kila asubuhi mbele ya nesi, namaliza kikombe nafungua kinywa aone nimemeza. Shati nimelipiga pasi mara mbili. Napita mbele ya meza kuu kufuata maiki, jamaa kaniangalia, kachukua simu yake kando ya chupa ya maji, kaitia mfuko wa ndani wa koti. Halafu kaugongagonga mfuko. MARA MBILI. Nyuma yake bango kubwa kama ukuta wa ngome: UNYANYAPAA NI SUMU.

Maneno yote yakanikimbia. Nilitaka kusema uraibu ni ugonjwa na unatibika, kwamba methadoni iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2005. Naiona simu tu! Kuja kufunga, anasema, "Teja wetu huyu kapona, mpigieni makofi." Nao wakapiga! Serikali inalipia bango, inalipia dawa, halafu inamtuma huyu. Bora angenizaba kibao. Ile simu, jamani. Kaugonga mfuko!

Mpole_Sana: Pole mkuu. Ila arosto ya kuacha unga umeishinda, unashindwa na simu?

Mwanzisha uzi: Arosto haikunialika. Huyu kanialika kwa barua.

Kisiki: Simu yenyewe ya aina gani? Tuanzie hapo.

DadaWaZamu: Mimi nesi wa kliniki ya akili. Wenzetu wa wodi nyingine wanatuita "manesi wa vichaa". Fulana za kampeni tunazo hadi za kudekia, dawa za skizofrenia zimeisha tangu mwezi jana. Mgonjwa aliyekuwa ametulia namwona anarudi kuongea na ukuta.

Kisiki: Kumbe nyie mnapewa fulana? Sisi tulipewa kofia, nazo zinabana.

Nusu_Shari: Kofia kitu gani! Mdogo wangu ana baipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, anatumia dawa, yuko vizuri. Fomu ya kazi ikamuuliza, "Umewahi kuugua akili?" Kajibu ndiyo, hajapigiwa hadi leo. Fomu ya serikali hiyo hiyo yenye bango.

Mpole_Sana: Si angejibu hapana tu.

Nusu_Shari: Adanganye ndiyo apate kazi? Huo si ndio unyanyapaa wenyewe?

Mpole_Sana: Mimi nimesema tu, usinipandishie.

Mwanzisha uzi: Jamani, mfuko! Kaugonga mara mbili, mbele ya watu wote!

Kisiki: Dada wa zamu, fulana za saizi kubwa zimebaki?

DadaWaZamu: Kubwa zimeisha. Zipo za watoto.