Seli za hamira zang'aa vizuri, umri wake siuoni. Nifanyeje?

Msoto_wa_Tudor: Salaam wakuu. Niko mwaka wa mwisho, biolojia, chuo kimoja hapa Mombasa. Mradi wangu ni uzee wa seli za hamira. Natumia almasi za nano, chembe ndogo mno za almasi: ukizimulika mwanga wa kijani hurudisha mwekundu, tena hazififii kama rangi za kawaida. Chini ya hadubini zang'aa mpaka raha. Shida ni umri. Nikitia rangi ya kalkofluori nihesabu makovu ya kuzaa, sioni kitu. Joto la huku limeiharibu rangi? Ripoti yatakiwa karibuni na usingizi sina.

Mama_Mahamri: Mwanangu, hamira ikikaa wazi huku pwani hufa kwa unyevu. Mimi huitia maji vuguvugu na sukari kwanza, isipotoa povu naimwaga. Niliwahi kuamini pakiti ya duka fulani siku ya harusi ya watu, mahamri hayakufura hata moja. Aibu hiyo hainitoki.

Bwana_Feri: Mkate wenye almasi! Mahari sasa tulipe kwa slesi 😂

Mzee_Kibuyu: Uzee ni wa Mungu. Nyinyi vijana mwauchunguza wa nini? Hamira hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye mnazi, na huo mnauzeesha vizuri tu.

Mwalimu_Mstaafu: Almasi ziliingiaje ndani ya seli? Ukuta wa hamira ni mgumu.

Msoto_wa_Tudor: Kwa njia ya kawaida.

Mwalimu_Mstaafu: Ipi hiyo?

Msoto_wa_Tudor: Haya, niliuvua ukuta kwa kimeng'enya, ndani ya maji ya sobitoli, ile aina ya sukari, seli zisije zikapasuka. Wengi hufanya hivyo. Picha msimamizi amezipenda, na sura ya matokeo nishaiandika.

Mwalimu_Mstaafu: Kijana, makovu yako ukutani. Kila mtoto akichomoka, mama hubaki pale pale na pete ya kitini, dutu ngumu ya ukutani. Umevua ukuta, umri ukaenda nao. Rangi haina kosa.

Msoto_wa_Tudor: Lakini seli ikizeeka si hunenepa? Nimechagua zile kubwa, nikaandika ni wazee waliozaa mara 20. Ninao wengi.

Chonjo_Kisauni: Hapo ndipo nasema hii hekaya. Hamira ikiwa bado yakua chupani, nusu ya seli ni vitoto havijazaa, robo wamezaa mara moja, hivyo hivyo kushuka. Aliyefika 20 ni kama mmoja katika milioni mbili. Wewe umejaza slaidi? Na almasi za nano Mombasa hii wauziwa na nani, Marikiti?

Msoto_wa_Tudor: Aliziacha mgeni wa msimamizi. Nibuni ili iweje, nimalize bando?

Bwana_Feri: Picha basi.

Mzee_Kibuyu: Atapiga taa za Nyali usiku aseme hamira.

Mwalimu_Mstaafu: Awe wa kweli awe wa kubuni, swali lina jibu. Wavishe mama biotini, vitamini ya kutia alama, ukuta ukiwa mzima. Binti hujijengea ukuta mpya, biotini ya mamake haibebi. Waache wazae, kisha wanase mama kwa shanga za sumaku, hesabu makovu, ndipo uvue. Au badili swali: sukari ikiisha seli huacha kuzaa, basi hesabu siku walizokaa hai. Wenzetu wa Groningen, Uholanzi, walipeleka almasi hizo kwenye uzee wa namna hiyo. Hapo kovu halihitajiki. Ila mng'aro peke yake hausemi umri. Wao hutazama almasi inavyotulia baada ya leza, wakajua radikali huru, zile molekuli kali zinazoweza kuiharibu seli, zilivyo.

Msoto_wa_Tudor: Shukrani mwalimu, lakini kichwa cha mradi kishasainiwa. Nikifuta "wazee" niandike "seli kubwa", si itapita?

Chonjo_Kisauni: Ipite kwa nani? Kichwa chasema uzee.

Mama_Mahamri: Na hiyo sobitoli, yauzwa wapi? Kuna mteja wangu ana sukari.