Kinjeketile anazama vipi ndani ya bwalo la chakula?

Mwl_wa_Kusini
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili sekondari moja huku mkoa wa Lindi. Mkuu wa shule kanikabidhi mchezo wa mahafali ya kidato cha nne, na mimi kwa kiherehere changu nikasema tutafanya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ile tamthiliya ya Vita vya Majimaji, ya mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani. Nina wanafunzi 26 wa kidato cha tatu na cha pili (wa nne tumewaacha wasome). Zimebaki wiki 5.

Ukumbi wetu ni bwalo. Bati juu, pazia hakuna, taa ni tyubulaiti mbili na moja inapepesa. Kinachonikosesha usingizi ni pale Kinjeketile anapovutwa mtoni. Nimejaribu beseni la maji nyuma ya madawati, kijana ajimwagie halafu atokee. Juzi kateleza kwenye sakafu, kapata nundu ya kutosha kwenye paji la uso, na mazoezi yakaishia hapo.

Halafu kuna kicheko. Binti anayecheza Bibi Kinjeketile akianza kulia pale ukingoni, wenzake wanaangua kicheko hadi yeye mwenyewe anacheka. Nimeshamwonyesha kulia mara kumi, hasikii. Na waliokaa nyuma wanasema hawasikii neno. Nifanyeje? Nilifikiria kukodi maiki tatu. Na Wajerumani nimepanga kuwapaka unga usoni.

Pazia_Kuukuu
Mwalimu, mimi ni mama mstaafu, nimefundisha na kuongoza michezo ya shule miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nikisema kwa urefu.

Nianze na beseni. Kinjeketile akitoka mtoni, anatoka vipi? Mkavu. Watu wanashangaa kwa sababu ni mkavu! Sasa wewe unamlowesha mtoto wa watu ili iweje?

Nenda dukani kanunue kaniki, ile nyeusi ya kuelekea buluu, kata vipande viwili virefu. Wanafunzi wanane washike ncha, wanne kila upande. Kijana akiingia, kitambaa kiko kwenye vifundo vya miguu. Akipiga hatua kinapanda magotini, kiunoni, kifuani, na walioshika wanakitikisa polepole. Kikimfika shingoni anachuchumaa, anatambaa chini yake hadi nyuma ya wenzake. Kaniki inashuka, mtu hayupo. Sheria moja tu: wanaoshika wasitazame watazamaji, wautazame mto. Mmoja akitabasamu kwa rafiki yake wa kidato cha kwanza, mto umekauka.

Sauti. Bila shaka umeweka jukwaa mwisho wa bwalo, kwenye ukuta mfupi, mahali anapokaa mgeni rasmi. Lihamishe katikati ya ukuta mrefu, watazamaji wazunguke pande tatu. Bwalo la mita 24 kwa 10, aliyekuwa mbali mita 20 na ushee sasa yuko mita 12 hivi. Maiki mwachie MC. Mtoto akishika maiki haigizi tena, anatangaza.

Kicheko sasa. Umeandika mwenyewe kwamba umemwonyesha kulia mara kumi. Basi wenzake wanamcheka mwalimu wao! Analia kilio chako, mikono kichwani kama wewe, na darasa zima linakujua. Nami nilifanya hivyo miaka yangu ya mwanzo, nikapata wanafunzi 20 wanaotembea kama mimi. Acha kuonyesha. Muulize: mumeo kaingia mtoni, hujui kama atarudi, mikono yako ilikuwa inafanya nini kabla? Mpe kazi, apepete mchele. Kisha nyamaza umtazame. Akisita ghafla na ungo mkononi hakuna atakayecheka.

Unga usoni futa kabisa, ndipo watakapocheka hadi mwisho. Askari wengi wa Mjerumani walikuwa Waafrika vilevile. Wavishe kaptula za kaki za skauti. Mjerumani mwenyewe mpe kiti, na awe ndiye mtu pekee anayekaa kwenye kiti mchezo mzima.

Chaki_Mfukoni
Bi Mkubwa kamaliza. Naongeza la mgeni rasmi. Mwaka mmoja tuliandaa mchezo wa dakika 50. Ratiba ilisema saa 5, mgeni kafika saa 8 na nusu, tukaambiwa "mna dakika 10". Vijana kwa kuchanganyikiwa wakacheza vita kwanza, kisha mganga ndiyo akaleta dawa 😂. Tayarisha toleo fupi tangu sasa, scene ya mto na ile ya gerezani tu. Mpiga ngoma akipata ishara yako apige mipigo mitatu, wote wajue tunarukia gerezani. Na wapeni chai kabla!

Mwl_wa_Kusini
Shikamoo mama. Hilo la kilio limeniingia hasa, nimecheka peke yangu hapa ofisini. Ni kweli, hata wanaume wanalia kama mimi. Swali moja: scene ya gerezani ni watu wawili wanaongea tu. Naogopa watazamaji watachoka.

Pazia_Kuukuu
Marahaba mwanangu. Usiichangamshe. Mzee yuko kifungoni, anaambiwa akane maji, naye anakataa. Wakae chini karibu kabisa na watu wa mbele, na ile taa inayopepesa izimwe.

Tena uko Lindi, na Nandete ipo Kilwa, mkoa huo huo wako. Hapo ndipo Wamatumbi walipong'oa pamba ya Mjerumani Julai 1905, na mwezi uliofuata Kinjeketile akanyongwa Mohoro, kule Rufiji. Kama una watoto wa Kilwa humo darasani, watume kwa bibi zao wakaulize nyimbo za kilimo. Wakaimbe hizo wakati kaniki inapanda, badala ya kanda ya muziki niliyo na hakika umeshaipakua.

Mwl_wa_Kusini
Kanda nimeifuta 🙏

Mrejesho wa leo: kaniki imepatikana, mita 12. Mara ya kwanza mto ulikuwa vurugu, mmoja kakanyaga kitambaa, Kinjeketile kaonekana makalio yake yote anatambaa. Mara ya tatu ukakaa. Binti nilimpa ungo wa mama wa jikoni na mchele kidogo. Sikusema kitu. Kapepeta, kapepeta, kijana alipopotea kwenye kaniki akaacha, akawa anaokota punje moja moja zilizodondoka sakafuni. Kidato cha kwanza walikuwa wanachungulia madirishani. Nilisubiri kicheko, sikukisikia. Mama wa jikoni tu ndiye aliyekuja kuniuliza kama mchele wake utarudi.